Ukimwona mtoto kwa simu, usiage kabla hujaangalia kinywa

Sisi tunaohudumia watoto kwa simu huku Dodoma tuna tabia moja, tunauliza homa, tunauliza kuharisha, kikohozi, chanjo, afu huyo tunaaga. Kinywa hatukigusi mpaka mama aseme mwenyewe jino linamsumbua mtoto, na akishafika kusema hivyo ujue nyumba nzima haijalala siku kadhaa na jino lenyewe mara nyingi ni la kung'oa. Mi mwenyewe yalinikuta, mtoto wa miaka 4 kijijini huko Chamwino, nimeongea na mama yake mara 2 nahangaika na homa, mara ya tatu kwenye video ndo naona shavu limejaa, kumbe jipu la gego, na muda wote huo sijawahi kumwambia afungue mdomo. Nilijisikia vibaya sana.

Sasa nafanya hivi. Kwanza situmaini video, netiweki ya vijijini mnaijua, picha inaganda na mdomo wa mtoto unabaki shimo jeusi tu. Namwomba mama asubuhi ile ile anitumie picha 3 kabla hatujaongea: moja ya meno ya mbele huku amenyanyua mdomo wa juu mpaka fizi ionekane, moja ya magego ya chini, moja ya magego ya juu mtoto akiwa amelaza kichwa nyuma. Atumie kamera ya nyuma, ile ya selfi haina maana, na wakae nje kivulini au mlangoni penye mwanga. Kabla ya kupiga ayafute meno kwa kitambaa safi chenye maji maana uji na utando vinaficha kila kitu, na shavu alivute kwa mpini wa kijiko kilichooshwa. Mtoto mdogo anayepiga mateke alazwe kichwa kwenye mapaja ya mama, miguu kwa bibi au shangazi waliokaa wanatazamana, mtu mwingine ndo apige. Mwenye kiswaswadu (simu ndogo ya batani) muombe mhudumu wa afya ya jamii apite na simu yake, ikishindikana basi uliza maswali tu, ni bora kuliko kuacha.

Kwenye picha cha kutafuta kwanza ni mstari mweupe kama chaki pembeni ya fizi, hasa meno ya mbele ya juu. Hapo ndo jino linaanza kuoza ila halijatoboka, bado linaokoleka, na mama hawezi kukwambia kwa sababu haliumi. Ukiona shimo, au kipele cha usaha kwenye fizi, huyo anahitaji daktari wa kinywa na meno hata kama anacheka. Madoa ya kahawia kwenye meno mengi, kulia na kushoto yanafanana, ulizia maji ya kunywa yanatoka wapi, maana visima vingi vya Singida na baadhi ya maeneo yetu ya kati vina floraidi nyingi (WHO wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita), sio uchafu ule na mwambie asimsugue mtoto kwa mkaa wala mchanga. Afu kuna gego linalotoka karibu na miaka 6, nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka, wazazi wanadhani ni la utoto wanaliacha lioze, kumbe ndo la maisha hilo.

Hapa kwenye watoto wachanga naomba mtulie kidogo. Mtoto ana miezi 5 au 6, anaharisha, ana homa, fizi zimevimba kidogo, majirani wanasema ni meno ya plastiki, anapelekwa kwa mtu anachokonolewa fizi kwa kitu ambacho sijui hata kilioshwa wapi. Kile kinachotolewa ni kichipukizi cha chonge, jino halali kabisa, na mtoto anaweza kutoka damu nyingi, kupata maambukizi, hata chonge ya ukubwani ikaja imeharibika. Kwahiyo kila simu ya kuharisha mi nauliza taratibu, "mama, kuna mtu amekwambia habari za meno ya plastiki?" Usicheke na usigombe, ukigomba atakujibu hapana afu jioni anampeleka. Tibu kuharisha, mpe ORS na zinki, mpigie tena kesho yake.

Ushauri wa kila siku ni mfupi. Mswaki mara 2 kwa dawa yenye floraidi, chini ya miaka 3 kiasi cha punje ya mchele, miaka 3 mpaka 6 kiasi cha njegere, ateme asimeze, na anayepiga mswaki ni mama, mtoto hajui. Chupa ya uji wa sukari isiingie kitandani. Ubuyu wa rangi sijakataza, jamani tuko Dodoma, ila ale mara moja amalize, sio kumung'unya kutwa nzima.

Uvimbe unaopanda kuelekea jicho, mdomo haufunguki, anashindwa kumeza, au homa na uvimbe pamoja, hapo acha picha, aende hospitali siku hiyo hiyo, wa mjini pale General (hospitali ya rufaa ya mkoa) kuna kliniki ya meno. Wengine wanaweka maji ya betri kwenye jino, uliza hilo pia.

Ukimaliza andika kwenye faili, picha ihifadhiwe huko na kwenye simu yako ifute. Usirushe kwenye magrupu hata kama umeficha macho, mji wetu huu mdogo, mama atalijua pengo la mwanae.