Lori lililolala miaka usilipige stata siku ya kwanza

Tumeamsha Bedford ya petroli iliyolala kwenye banda la kahawa huko Kibosho, kuku walishataga kwenye kiti cha dereva. Kilichotusaidia ni hiki: kabla ya kugusa betri, fungua plagi zote sita, changanya oili ya injini na dizeli nusu kwa nusu, mimina vijiko viwili vya chakula kwenye kila tundu, ziba kwa matambara, uache siku tatu. Ringi (pete za pistoni) hushikana na ukuta wa silinda kwa kutu na oili iliyokauka. Dizeli hupenya na kulegeza, oili hulainisha. Ukipiga stata silinda zikiwa kavu, kutu hiyo inakwangua silinda.

Siku ya nne weka gia huru, zungusha injini kwa mkono, kwa hendeli au spana ndefu kwenye nati ya puli ya krenki (mhimili mkuu wa injini). Nenda mbele na nyuma kidogokidogo. Ikishazunguka, piga stata plagi zikiwa bado nje, na usichungulie matundu maana mchanganyiko unaruka hadi darini (shati langu ni shahidi). Usirudishe plagi hadi uishe kutoka: kimiminika hakibonyei, kinaweza kupinda koni rodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki.

Kama maji yaliingia kwenye silinda, huenda hata wiki mbili zisitoshe. Hapo shusha silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda. Usikubali wanaosema livutwe na trekta likiwa kwenye gia, ringi zitakatika.