Simu Yangu Ni Mkakasi: Namna ya Kuishi na Simu Nzuri Isiyojiweza

Usiku mmoja nilishtuliwa na kishindo. Simu niliyoilaza juu ya stuli kando ya kitanda ilikuwa sakafuni, na hakuna aliyeigusa. Mgongo wake ni wa kioo, stuli imeinama kidogo, kiasi ambacho jicho halioni, na kila ujumbe ulipoingia simu ilitetemeka ikasogea upana wa ukucha. Ujumbe wa mwisho uliimalizia safari.

Huu ni mwaka wa tatu naishi nayo. Ni nyembamba, kingo zake zimepinda kama ukingo wa sahani, na ukiigeuza kwenye mwanga rangi yake hutoka kijani ikaingia zambarau. Kila anayeiona huomba aishike. Shangazi aliishika, akaipindua, akauliza chaji inakaa mpaka saa ngapi. Nikamwambia mpaka saa 8 mchana. Akanirudishia polepole: "Mkakasi huo, mwanangu."

Siiuzi. Naipenda, basi. Kama na wewe umeshanunua na hutaki kurudi nyuma, fuata haya.

Kwanza ijue kasoro yake ya kweli. Mimi nilikuwa nikiilalamikia kamera kila siku. Siku 2 mfululizo nikatembea na karatasi mfukoni, kila mara simu ikinikera napiga mstari. Chaji ilipata mistari 11, kuganda 6, sauti kwenye simu 3. Kamera 1, na hata huo ulikuwa wa alama ya kidole changu mwenyewe kwenye lenzi. Bila karatasi ile ningehangaika na kamera hadi leo.

Basi tuanze na chaji, maana hapo ndipo penye kilio. Simu nyembamba ina betri ndogo, hakuna uchawi. Yangu ni ya mAh 3,000 (mAh ndicho kipimo cha ujazo wa betri) wakati simu nene za kawaida zinabeba 5,000. Ingia kwenye mipangilio, fungua sehemu ya betri, uone nani anakula. Mara nyingi utamkuta ni kioo chenyewe. Punguza mwanga, na kama simu yako inakuruhusu kuchagua kati ya hezi 120 na 60, yaani mara ambazo kioo hujichora upya kila sekunde, chagua 60. Utaona tofauti siku ya kwanza, ya pili umesahau.

Watu hushauri kugeuza kila kitu kiwe cheusi. Hilo linategemea aina ya kioo. Zima taa za chumba usiku, fungua picha nyeusi tupu ijae kioo chote. Ukiona kama simu imezimika kabisa, kioo ni OLED: kila nukta huwaka peke yake, na nyeusi ni nukta iliyozimwa, kwa hiyo rangi nyeusi inakuokolea chaji. Ukiona kijivu kinang'aa kwa mbali, hiyo ni LCD, taa ya nyuma inawaka vilevile uwe umeweka weusi au weupe. Weka weusi ukipenda kwa ajili ya macho, lakini betri haitakushukuru.

Mtandao hafifu nao ni mwizi. Simu ikiwa mbali na mnara hupaza sauti ili isikike, na kupaza sauti ni chaji. Ukiwa mahali ambapo mtandao hakuna kabisa, weka hali ya ndege. Mimi nilikuwa naiacha ihangaike mfukoni saa nzima, naitoa ina moto na imepungua.

Halafu achana na ile habari ya kusubiri ifike sifuri ndipo uchaji. Hiyo ilikuwa ya betri za zamani. Betri za lithiamu hupenda kukaa katikati, tuseme kati ya asilimia 20 na 80, na kinachoziua haraka ni joto. Kwa hiyo chaji kidogokidogo: dakika 10 ukioga, 15 ukivaa. Ikipata moto ikiwa kwenye chaji, ivue kava. Chini ya mto isikae kamwe.

Pawabenki utahitaji, ila usidanganywe na hesabu. Ya mAh 10,000 haitajaza betri ya 3,000 mara 3. Namba ile ni ya betri zilizomo ndani, zenye volti 3.7 hivi, na umeme ukipandishwa hadi volti 5 ili uingie kwenye simu, sehemu yake inapotea kuwa joto. Mimi napata mara 2 na kidogo. Nunua na waya mfupi, wa urefu wa kiganja, vinginevyo mkoba unageuka kiota.

Kuganda. Yangu ina GB 64 na haina tundu la memori kadi, kwa sababu tundu lingeharibu umbo. Simu iliyojaa hadi shingoni haiwezi kukimbia, kwa hiyo acha angalau sehemu moja ya kumi iwe tupu. Adui yako si picha zako, ni video za watu. Kwenye WhatsApp zima upakuaji wa moja kwa moja wa picha na video, kisha nenda kwenye sehemu ya kusimamia hifadhi. Inakuonyesha mafaili yanayozidi MB 5, pamoja na yale yaliyosambazwa mara nyingi. Nilikuta video moja ya maua yanayochanua kukutakia asubuhi njema imekaa humo mara 9, kutoka makundi 9.

Ukimaliza kufuta, kama simu ni Android, kuna hila moja. Ingia kwenye taarifa za simu, tafuta namba ya muundo (Build number), iguse mara 7. Utafunguliwa mlango wa mipangilio ya wasanidi. Humo tafuta vipimo vya mijongeo (animation scale), vipo 3, vyote vimeandikwa 1, vishushe viwe 0.5. Simu haiongezeki nguvu, inapunguziwa tu madoido. Usiguse kingine humo.

Sasa kava. Nilikaa miezi 8 nikikataa. Kununua simu nyembamba kisha kuivika kava nene ni sawa na kushonesha gauni la harusi ukaenda umelifunika kwa koti la mvua. Lakini kingo zilizopinda zilikuwa zinahisi nyama ya kiganja changu. Nikisoma, kurasa zinajifungua zenyewe. Siku moja nilimpigia mtu saa 6 usiku bila kujua. Kava lenye mdomo ulioinuka kidogo pembeni linaondoa hilo. Linaondoa pia kuyumba: kamera yangu imechomoza nyuma kama chunusi, na nikiandika ujumbe simu ikiwa mezani inagonga tok, tok, tok. Lile la wazi linaonyesha rangi lakini mwanga na joto huligeuza njano. Nimeishia kwenye jembamba lisilong'aa, lenye kukwaruza kidogo mkononi. Rangi haionekani tena. Jumapili nalivua.

Protekta ya kioo bapa usihangaike nayo kwa simu iliyopinda, huinuka pembeni ikashika vumbi. Tumia ile ya plastiki laini.

Kwenye kupiga simu, angalia mkono wako kabla hujalaumu laini. Urembo kuua mawasiliano si jambo la leo. Mwaka 2010 iPhone 4 ilitoka na antena kwenye fremu ya chuma pembeni, na ukiishika kona ya chini kushoto mtandao ulishuka. Apple ikaishia kuwapa wateja kava bure. Yangu tatizo ni kidole cha mwisho. Nilikuwa naishikilia simu nacho kwa chini, juu ya kitundu cha maikrofoni, na watu wananiuliza kama naongea ndani ya mtungi. Hamisha kidole. Kitundu kikiziba vumbi, kipige mswaki mkavu, laini. Sindano hapana, utatoboa wavu wa ndani na fundi atakucheka.

Tundu la hedifoni halipo, nalo tumeshalizoea tangu iPhone 7 ilipoliondoa mwaka 2016 na wengine wakafuata. Adapta, kile kiwaya cha kuchomeka hedifoni kwenye tundu la chaji, ifunge kwenye hedifoni moja kwa moja isitoke, la sivyo utaipoteza wiki hiyohiyo. Na uijaribu kabla ya kulipa: nyingine zina chipu ya sauti ndani, nyingine hazina, na simu inayoitegemea chipu hiyo ikiikosa inakupa kimya tu.

Kamera nimeshasema. Futa lenzi.

Kilichonipa amani zaidi ni kuipunguzia simu kazi. Nina kitochi cha zamani, betri yake inakaa siku 5. Laini ya kazini imo humo, kengele ya asubuhi imo humo. Simu nyingi zikizimika kwa kukosa chaji kengele nayo hailii, na mimi nilishachelewa mara 2 kabla ya kuelewa. Mkakasi umebaki na picha, ujumbe na kushikwa na wageni.

Na juu ya stuli nimetandika kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Shangazi alikiona, akauliza simu ya fahari hivyo inalalaje juu ya mpira uliotobolewa. Nikamwambia inapenda kusafiri usiku.