Namna ya Kuandaa Sikukuu ya Somo wa Kigango Wakati wa Kiangazi

Vigango vingi vya Mtwara na Lindi, yaani makanisa ya vijijini yaliyo chini ya parokia ya Kikatoliki, hufanya shughuli zao kubwa za mwaka katika miezi ya ukavu, kuanzia mvua zinapokatika mwezi Mei mpaka zinaporudi Novemba au Desemba. Sababu yake kila mwenyeji anaijua: mvua ikinyesha, barabara za udongo hazipitiki na waumini wako shambani wanapalilia. Kwa hiyo kipaimara, kubariki ndoa, jubilei na sikukuu ya somo, yaani mtakatifu ambaye kigango kina jina lake, hurundikana katika kiangazi. Mwongozo huu unahusu sikukuu ya somo wa kigango, kwa kuwa ndani yake mna karibu kila kitu kingine: Misa, mavuno, mnada, kwaya, ngoma na chakula cha pamoja. Nimekuwa katibu wa kamati ya sherehe kwa miaka kadhaa katika kigango kimoja kilichoko juu kwenye uwanda wa Makonde, upande wa Newala, na mengi ninayoyaeleza hapa niliyajua baada ya kuyakosea.

Jambo la kwanza ni tarehe. Siku ya somo haipangwi na kamati. Petro na Paulo ni 29 Juni, Mtakatifu Benedikto ni 11 Julai, Yoakimu na Ana ni 26 Julai, na Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria ni 15 Agosti. Huku kusini jina la Benedikto utalikuta mara nyingi, kwa kuwa wamisionari Wabenediktini ndio waliofungua misheni ya Lukuledi mwaka 1895 na ile ya Ndanda mwaka 1906. Kinachoweza kusogezwa ni siku ya kusherehekea, ambayo kwa kawaida huwa Jumapili iliyo karibu, na hiyo hutegemea nafasi ya paroko. Parokia moja ina vigango vingi na mapadre wawili au watatu tu. Kwa hiyo mwenyekiti wa kigango na mwalimu, yaani katekista, wanapaswa kwenda parokiani mapema, ikiwezekana kabla ya Pasaka, wakaandikishe siku yao kwenye kalenda ya parokia. Mkichelewa mtapewa Jumapili iliyobaki, na iliyobaki huwa na sababu ya kubaki.

Kabla ya kwenda huko, kalenda nyingine mbili zinafaa kutazamwa. Moja ni ya majirani zetu Waislamu, kwa sababu siku ya Maulidi na za Idi hurudi nyuma kwa takriban siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na hakuna faida ya kufanya sherehe siku ambayo nusu ya kijiji iko kwenye shughuli yake. Ya pili ni ya jando na unyago. Watoto wengi huingizwa wakati wa likizo ya Juni au ya Desemba, na mtoto aliye likumbini, yaani kwenye kambi ya jando, hawezi kuwa katika mafundisho ya kipaimara wala katika kucheza shangilio la Utoto Mtakatifu, chama cha watoto kanisani. Zipo kamati zinazolichukulia jambo hili kama ushindani. Mimi sioni hivyo: hata Askofu Vincent Lucas wa Kianglikana, aliyeliongoza Jimbo la Masasi tangu 1926 hadi 1944, aliona ni heri kulipa jando sura ya Kikristo kuliko kulipiga vita. Ulizeni wazee kambi zinavunjwa lini, kisha pangeni mafundisho baada ya hapo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloamua kama sherehe itafana au itaaibika, nalo ni kujua fedha iko wapi mwezi gani. Mkulima wa huku hapati mshahara. Ufuta huvunwa na kuuzwa kuanzia Juni, mbaazi hufuata kuelekea Agosti na Septemba, na korosho, ambayo ndiyo fedha yenyewe, minada yake huanza mara nyingi Oktoba. Tena, chini ya utaratibu wa stakabadhi ghalani, mkulima anapofikisha gunia lake kwenye chama cha msingi cha ushirika hajapata fedha, amepata karatasi. Mzigo husafirishwa hadi ghala kuu, hunadiwa, na malipo huja baadaye kupitia benki. Wakati huohuo, tangu Mei hadi Agosti, kila mwenye mikorosho anahangaikia dawa ya kupulizia, mafuta ya mashine na vibarua. Kwa hiyo sikukuu ya tarehe 15 Agosti huangukia pale ambapo fedha ya ufuta imeshamezwa na kazi ya kupulizia salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, na ya korosho bado iko juu ya mti katika umbo la maua.

Mwaka wangu wa kwanza hatukulifikiria hilo. Tuliandika mchango wa shilingi elfu kumi kwa kila kaya, mwisho wa kulipa 31 Julai, tukausoma kanisani kwa sauti kubwa. Zaidi ya nusu ya kaya hazikutoa, na baadhi ya watu wakaacha hata kuja jumuiya kwa kuona haya. Bibi mmoja wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, ndiye aliyetufungua macho. Alinishika mkono nje ya kanisa akaniambia, "Mwanangu, hela sina, lakini mbaazi zangu hujaniuliza." Tangu hapo tunauliza mbaazi. Kila jumuiya ndogondogo hupewa kitu inachokiweza: moja inaleta muhogo, nyingine mbaazi na kunde, nyingine kuku, nyingine kuni na kazi ya mikono. Fedha taslimu tunaiomba kwa wachache tu, waliouza ufuta vizuri na watumishi wenye mishahara, kwa ajili ya vile visivyoota shambani: mchele, mafuta ya kupikia, mafuta ya jenereta na nauli ya kwaya wageni. Anayetaka kutoa zaidi kwa ajili ya ujenzi au bati huandika ahadi, na tarehe ya ahadi hiyo tunaiweka Desemba, baada ya minada kadhaa ya korosho kupita.

Kalenda ya shamba inagusa hata saa za vikao. Salfa hupulizwa alfajiri, umande ukiwa bado uko kwenye majani ili unga ushike na upepo ukiwa umetulia. Mkiitisha kikao Jumamosi saa moja asubuhi, watakuja wazee wasio na mashine peke yao. Saa kumi jioni inafaa zaidi, ingawa wanaume watakuja wakinuka kiberiti na kope zao zikiwa na rangi ya njano.

Kuhusu maji, nisikilizeni kwa makini, hasa ninyi mlioko juu. Wamakonde walijenga maisha yao juu ya uwanda usio na mito, na mpaka leo kiangazi kinapokolea, maji ya bomba yanayosukumwa kwa pampu kutoka bondeni hayana uhakika wa kutoka kila siku. Kipimo changu ni lita tano kwa kila mtu, zikiwemo za kupikia, kunywa, kunawa na kuoshea vyombo. Wageni mia nne wanahitaji lita elfu mbili, yaani ndoo mia moja za lita ishirini. Kiasi hicho hakichotwi asubuhi ya sherehe. Kianze kukusanywa siku nne kabla, katika matanki na mapipa yaliyosuguliwa na kufunikwa, na kijana mmoja wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, apewe jukumu la kulinda maji na si jambo jingine lolote, kwa kuwa mpishi mwenye haraka huoshea sufuria kwa maji ya kunywa bila hata kugundua. Mwenye kisima cha kuvunia maji ya mvua akiwapa maji, ndoo zake zihesabiwe na ziingizwe kwenye daftari la mchango kama gunia la mahindi linavyoingizwa. Ni mchango mkubwa kuliko anavyodhani yeye mwenyewe.

Uwanja hauna mambo mengi. Kusi huvuma katika miezi hii, kwa hiyo altare ya nje iwekwe mgongo wake ukielekea upande wa upepo, yaani kusini, na turubai la upande huo lishushwe mpaka chini; la sivyo mishumaa itazimika wakati wa mageuzo ya mkate na divai, na vumbi litaingia kwenye sahani ya hostia. Kamba za turubai zifungwe kwenye miti, wala si kwenye vigingi vilivyopigwa katika mchanga. Uwanja umwagiwe maji kidogo alfajiri ikiwa yapo; kama hayapo, ufagiliwe jana yake jioni na usiguswe tena. Mkiwa na mkesha, waelezeni wageni kutoka pwani kwamba Julai huku juu kuna baridi na waje na mablanketi.

Kwenye chakula, suala la nyama ndilo linalohitaji hekima. Katika vijiji vyetu Wakristo na Waislamu ni ndugu wa tumbo moja, na mara nyingi kwa maana halisi: kaka amebatizwa, dada ameolewa msikitini. Sherehe ambayo mjomba hawezi kula si sherehe. Kwa hiyo mbuzi au ng'ombe achinjwe na jirani Mwislamu anayeheshimika, na mwenyekiti aende mwenyewe kumwomba nyumbani kwake siku mbili tatu kabla. Kumwita kwa simu asubuhi, kisu kikiwa mkononi, ni dharau. Mshereheshaji atangaze mapema, kabla chakula hakijapakuliwa, ni nani aliyechinja, ili mgeni asilazimike kunong'ona akiuliza. Viongozi wa msikiti wapewe barua ya mwaliko kama wanavyopewa mtendaji wa kijiji na diwani, na wakalishwe mbele. Mtendaji apewe pia taarifa ya mkusanyiko kwa maandishi, hasa kama muziki utaendelea mpaka usiku.

Mchele tunapiga kilo moja kwa watu sita, kwa hiyo watu mia nne ni kama kilo sabini, nasi huongeza tano kwa ajili ya watoto wa kijiji ambao hawaandikwi popote na hawakosi kamwe. Mbaazi za nazi zipikwe kwa wingi, kwa maana nyama haitoshi hata siku moja. Togwa ndiyo kinywaji cha siku hiyo, lakini ina ratiba yake: uji upikwe, upozwe, utiwe kimea, na unywewe kesho yake. Mwaka mmoja kina mama waliharakisha wakaitengeneza Alhamisi kwa ajili ya Jumapili. Kufikia mchana wa Jumapili haikuwa tena togwa, na besi ya kwaya yetu iliimba kwa furaha ambayo haikuwa kwenye noti.

Baada ya Misa huja mnada wa mavuno, na hapa kigango hupata fedha ikiwa utaendeshwa kwa uangalifu. Vitu vyote vilivyoletwa kwenye matoleo viandikwe na watu wawili kabla havijasogezwa: debe tatu za mtama, kuku saba, mikungu miwili ya ndizi, na kadhalika. Mnadi awe mcheshi, na akiwa mtani wa wenyeji ni bora zaidi, kwa sababu mtani anaweza kumwambia mwenye duka hadharani kwamba ni bahili na mwenye duka akacheka huku akiongeza bei. Asiwe padre wala mwalimu. Hao hawakataliwi kwa urahisi, na mtu hapaswi kununua kwa kuogopa. Anzeni na vitu vidogo. Kwetu huanza yai moja la kienyeji. Mara ya mwisho yai hilo lilinunuliwa kwa shilingi elfu mbili, mnunuzi akalirudisha mezani, likanunuliwa tena kwa tatu, likarudi, na lilipofika mtu wa tano lilikuwa limeingiza shilingi elfu kumi na tisa. Kisha mtoto aliyekabidhiwa kulibeba akaliangusha, na uwanja mzima ukamchangia ili asilie. Magunia ya mahindi na mbuzi yafuate watu wakiwa wamechangamka, lakini kabla chakula hakijanukia. Harufu ya pilau ikifika uwanjani mnada umekwisha.

Kila anayenunua alipe papo hapo au aandikwe jina na kusaini. Mweka hazina akae mezani na mhesabu fedha wa pili, na anayepokea fedha asiwe ndiye anayeandika. Fedha inayoingia kwa simu ipelekwe kwenye namba ya kigango, kamwe si kwenye namba ya mtu binafsi, hata kama mtu huyo ni mtakatifu kiasi gani.

Hotuba ziwe mbili: risala ya kigango na neno la paroko. Risala isizidi kurasa mbili, na mahitaji yatajwe kwa bei. Kusema "tuna changamoto ya bati" hakumfanyi mtu aingize mkono mfukoni. Kusema zinahitajika bati arobaini, na bei ya bati moja ni hii, kunamfanya mtu apige hesabu ya mbili au tatu. Kwaya wageni waimbe wimbo mmoja mmoja kabla ya chakula, na zilizobaki ziimbwe watu wakiwa wanakula. Ngoma za asili ziachiwe jioni, zikishaanza hakuna kitakachosikika tena.

Jumapili inayofuata, hesabu yote isomwe kanisani, pamoja na vitu vilivyobaki na mahali viliko. Madeni ya mnada yasomwe kwa idadi na jumla, bila majina. Wenye majina watajijua na wengi hulipa katikati ya juma. Masufuria makubwa yaliyoazimwa kutoka vigango jirani yarudishwe kabla ya Jumatano, yakiwa yamesuguliwa masizi na kila moja likiwa na mfuniko wake. Sisi bado tuna mifuniko miwili ambayo hatujui ni ya nani.