Panya wa maabara: achana na mkia

Unayehudumia panya weupe wa maabara, acha kuwanyanyua kwa mkia. Weka kipande cha bomba la plastiki angavu ndani ya kizimba, kikae humo humo wakizoee. Ukitaka kumtoa mmoja, msogeze taratibu kwa kiganja hadi aingie mwenyewe, kisha nyanyua bomba likiwa limelala, mikono imeziba ncha zote mbili. Usimkimbize kuzunguka kizimba, utaharibu kazi yote.

Mwaka 2010 Jane Hurst na Rebecca West wa Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza, walionyesha kuwa panya wanaobebwa hivi humsogelea mtu bila woga. Wale wa kuvutwa mkia? Wakishikwa tu, mkojo na mavi.