Namna ya kumsoma Lumumba na vijana hapa Lubumbashi

Nafundisha historia huku Katuba, mtaa wa Lubumbashi. Juni ikikaribia, vijana huja kuniomba "maneno ya Lumumba", waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, ya kusema kwenye sherehe ya uhuru: mistari mitatu ya kupigiwa makofi. Siwapi. Nawapa hotuba yake nzima ya 30 Juni 1960, siku ya uhuru, nasi tunaisoma hivi.

Kwanza waeleze nani alisema kabla yake. Siku ile Baudouin, mfalme wa Ubelgiji, alimsifu Leopold II, mfalme aliyeitawala Kongo kama mali yake, mbele ya Wakongo, kana kwamba uhuru ni zawadi ya Wabelgiji. Kijana asiyejua hilo ataona Lumumba alikasirika bure.

Halafu soma kwa sauti, polepole, kila mmoja na biki na kaye (daftari) yake. Wasiandike maneno makubwa. Waandike yale ambayo jicho linayaona: mshahara usiotosha chakula wala nguo; matusi na kipigo asubuhi, mchana na jioni; Mweusi asiyeruhusiwa kuingia sinema; Mweusi anayesafiri chini kwenye mashua, Mzungu akiwa juu katika chumba chake cha fahari. Nguvu ya hotuba iko hapo. Kisha kila mmoja ataje jambo la namna hiyo analoliona leo mtaani kwake. Binti mmoja alitaja karatasi ambayo mama yake alinyimwa katika ofisi fulani kwa sababu hakutoa kitu kidogo. Somo la siku ile likawa hilo.

Uaminifu ni mgumu zaidi kufundisha. Usifiche kwamba Lumumba, alipokuwa karani wa posta Stanleyville (Kisangani ya leo), alifungwa kwa kuchukua fedha za posta. Vijana wakiligundua wenyewe hawatakuamini tena katika lolote. Waonyeshe alichofanya baadaye: Desemba 1958 yuko Accra kwenye mkutano wa Waafrika, mwisho wa 1959 amefungwa tena, safari hii kwa siasa, Januari 1960 anatolewa gerezani kwenda Bruxelles kwenye Meza ya Mviringo, mazungumzo ya uhuru wa Kongo. Hapo ndipo fungua barua aliyomwandikia mke wake Pauline akiwa mfungwa mara ya mwisho, kabla ya kuuawa, anaposema ni heri afe kichwa juu kuliko kuishi katika utii na kudharau misingi mitakatifu. Waulize: angenyamaza, angepata nini? Waache wabishane. Jibu lako litunze.

Kwetu Lubumbashi kuna jambo la kuangalia sana. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe, mpinzani wa Lumumba, alitangaza Katanga, jimbo letu, imejitenga na Kongo, na wazee wengi wanaishi na kumbukumbu za miaka ile, kila mmoja kwa upande wake. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito waliletwa wakiwa wafungwa kwa ndege hadi Luano, uwanja wa ndege wa hapa, na usiku uleule wakapigwa risasi. Kwa hiyo mzee wa nyumbani akisema kinyume na hotuba, usimkatize mbele ya wajukuu. Mpe kiti, mwombe asimulie, na vijana waandike maneno yake vilevile walivyoandika ya Lumumba. Mimi nalithamini somo hili kuliko mengine yote.

Mwisho wapeleke Shilatembo, kwa njia ya Likasi, mahali walipouawa. Tokeni asubuhi mapema, bebeni maji ya kutosha. Barua isomwe pale na aliye mdogo kuliko wote, katika Kiswahili anachokisema nyumbani. Mchango wa gari uanze kukusanywa mapema, maana wazazi wengi hutoa kidogo kidogo.