Kazi amemaliza, ila imebaki kwenye begi: namna ya kumsaidia mtoto mwenye ADHD shuleni

Jioni moja nilifungua begi la mwanangu nikakuta karatasi tatu za hesabu, zote amezimaliza, hakuna hata moja aliyompa mwalimu. Nilikuwa nimekaa naye hadi usiku tukizifanya. Nikamuuliza kwa nini hakuzitoa. "Mama, nilisahau," akasema huku machozi yakimlenga. Kwa miaka miwili nilikuwa nikilihesabu neno hilo kuwa kisingizio. Kumbe alikuwa akisema kweli.

Mtoto mwenye ADHD, yaani hali ya ubongo inayomfanya ashindwe kukaza mawazo au kutulia, mara nyingi anajua vizuri anachotakiwa kufanya. Kinachomshinda ni kukikumbuka na kukianza pale pale kinapohitajika. Mawaidha ya jioni yatamfaa nini saa nne asubuhi akiwa darasani? Msaada uwekwe pale anapokwama. Kwetu ilikuwa bahasha nyekundu ya plastiki: kazi ikiisha inaingia humo, na asubuhi anaiweka kwenye meza ya mwalimu kabla hajakaa. Mwalimu alikubali kumwonyesha meza kwa kidole kila akipita mlangoni. Ni hilo tu, na kazi zikaanza kufika.

Kama bado hajapimwa, anza na macho, masikio na usingizi, maana asiyeona ubao naye huonekana hasikilizi. Daktari atataka kujua kama dalili zilianza kabla ya miaka 12, kama zimedumu angalau miezi 6, na kama zinaonekana nyumbani na shuleni pia. Nenda na mifano uliyoiandika. Na usimpite mtoto mtulivu: wapo, hasa wasichana, ambao hawarukiruki hata kidogo. Wanakaa kimya, mawazo yako mbali, na mwaka unapita hakuna aliyegundua. Ukiambiwa chanzo ni kwamba umemdekeza, au ni sukari anayokula, usikubali. Hali hii kwa sehemu kubwa hurithiwa.

Kwa mwalimu nenda na maombi mawili au matatu tu. Ana darasa zima la kuangalia. Akae mbele, mbali na mlango na dirisha. Apewe agizo moja, alitekeleze, ndipo apewe la pili. Atumwe kugawa madaftari au kufuta ubao ili anyooshe viungo. Lakini kuna jambo moja nililisimamia kwa nguvu zote: asinyimwe mapumziko kama adhabu. Mtoto huyu ndiye anayehitaji kukimbia kuliko wote.

Kilichotusaidia zaidi ni kadi ya kila siku. Mwalimu anaweka alama kila kipindi, mtoto anakuja nayo nyumbani. Mwanzoni nilikosea. Niliandika "amekaa kimya kipindi kizima", lengo ambalo hakuliweza hata siku moja, na siku ya nne nikaikuta kadi chini ya godoro. Nikabadilisha: "ameinua mkono kabla ya kusema, angalau mara moja." Hilo aliliweza. Wiki mbili baadaye tukapandisha hadi mara mbili. Weka malengo mawili au matatu anayoweza kuyafikia sasa hivi, na zawadi itoke jioni ile ile: achague hadithi ya kulalia, au mcheze dakika kumi na tano bila wewe kushika simu. Ukimwahidi baiskeli ya mwisho wa muhula, kwake ni mbali mno. Na alama aliyokwisha kuipata usimnyang'anye kwa kosa la baadaye.

Kazi ya nyumbani tunaifanya baada ya kula na kucheza kidogo. Mezani pana penseli moja, daftari, na saa ya kuhesabu dakika. Ninafunika ukurasa kwa karatasi nyeupe, ninaacha swali moja tu wazi. Akilimaliza, anaiteremsha karatasi mwenyewe. Dakika kumi kazi, dakika tatu kuruka. Akipenda kusoma amesimama, asome amesimama.

Dawa ni mazungumzo yako na daktari. Zinawasaidia watoto wengi, ila zinaweza kupunguza hamu ya kula na kuleta shida ya usingizi, kwa hiyo uzito, urefu na shinikizo la damu hufuatiliwa. Kwa walio chini ya miaka 6, mzazi kufundishwa mbinu za malezi hutangulia.

Anapokupa kadi jioni, anza na alama alizopata. Kisanduku kitupu kiulizie baadaye, kwa sauti ya kawaida: "Hapa ulikwama wapi?" Wangu alinijibu kwamba kengele inapolia wenzake wanafungasha, yeye ndiyo kwanza anafika katikati ya sentensi. Nikamfikishia mwalimu. Siku hizi humgusa bega dakika tano kabla ya kengele.