Mpango wa mtoto wa malezi ya kambo unaporudi mahakamani

Anza na tarehe. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 ya Tanzania, amri ya matunzo, ile ya mahakama inayomweka mtoto nje ya kwao, haivuki miaka 3, na hukoma mapema zaidi mtoto akitimiza 18. Shika nakala ya amri, rudi nyuma miezi 3 kutoka siku inapokoma, kazi ianze hapo. Anayeshtuka wiki ya mwisho huomba ahirisho, na mtoto hajui kama Januari atasoma Igoma, Mwanza mjini, au Nansio, kisiwani Ukerewe.

Kinachokula muda ni kumpata mzazi. Kule Ukerewe, baba mvuvi wa dagaa hushinda kambini siku za giza. Mbalamwezi ikikolea, taa hazivuti dagaa na wengi hurudi makwao. Omba shauri lipangwe siku hizo. Wito usimwachie mtendaji wa kijiji peke yake, kwani mwenyekiti wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi) wa mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga, ndiye ajuaye mtumbwi umehamia wapi. Kila jaribio liandikwe: siku, mwalo, nani kapokea. Bila hayo, yule unayemwita mtelekezaji pengine hajaambiwa tu.

Kisha taarifa ya afisa ustawi wa jamii. “Mama anaendelea vizuri” haimsaidii hakimu chochote. Andika hivi: “Kati ya siku 8 zilizopangwa za kumtembelea mtoto, mama alifika 5. Tangu Machi amepanga chumba Kirumba. Risiti ya kodi ya miezi 6 imeambatishwa.” Mpango uwe na njia ya akiba pia. Kama ni shangazi wa Magu, nyumba yake ikaguliwe sasa, siyo baada ya mama kushindwa. Kuasili ni shauri jingine, la Mahakama Kuu. Lisitumike hapa kumtisha mama.

Mtoto ana haki ya kutoa maoni. Zungumza naye mapema, mlezi akiwa mbali, kwa lugha anayoiota, hata ikiwa Kikerewe. “Unampenda nani zaidi?” ni swali la kumfunga mdomo. Muulize kule anakokaa asubuhi nani humpikia uji, na usiku hulala na nani.

Mlezi wa kambo abebe kadi ya kliniki na ripoti za shule. Majirani wabaki nyumbani, shauri husikilizwa faragha.

Kabla ya kutoka, dai nakala ya amri yenye saini na muhuri. Ukienda kuomba uhamisho, mwalimu mkuu ataitaka hiyo, siyo maelezo yako.